Mikono ya Kinyozi

9 Februari 2021

Mdogo wangu Kijiti,

Pokea salamu za dada yako ambaye bado yupo, na za mpwa wako Mwalimu, aliyeninunulia karatasi hizi. Huku mvua imechelewa. Jirani wa mbele amepata mjukuu, na paka wa dukani amerudi na sikio moja limepungua, hataki kusema alikuwa wapi. Salimia mkeo na wanao. Najua ni mimi tu niliyebaki nakuita Kijiti, na kwamba kwa kazi hiyo ya upishi, kuonja huku na kuonja kule, umeshakuwa gogo.

Usishangae kuona barua. Daktari ndiye aliyeniagiza niandike kwa mkono. Tangu nitoke hospitali kichwa changu hakijarudi chote. Nilimweleza hivi: uzi ninao, tundu la sindano naliona, lakini mkono hauamini. Akasema korona kwa baadhi ya watu wa umri wangu haiishii kwenye mapafu, inaacha majeraha yake kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Kuna wanaopoteza harufu, kuna wanaopoteza usingizi, na kuna wanaopoteza maneno. Mimi nimechukua vyote kama vya bure. Nikamuuliza vitarudi lini. Akasema kwa wengine vinarudi, kwa wengine nusu, na kwamba wao wenyewe bado wanajifunza. Nilimpenda kwa kusema hajui.

Alinipa maneno matatu niyashike wakati ananipima presha: kiti, nyanya, shati. Alipouliza, nikajibu shati. Akangoja. Nikamwambia, "Daktari, mimi ni mshonaji, hayo mengine hayanihusu." Alicheka, ila kalamu yake haikucheka, iliandika.

Kwenye simu siwezi. Maneno yananikimbia, halafu nasikia jinsi unavyonisubiri. Karatasi haisubiri, inakaa tu.

Sasa jambo lenyewe. Shemeji yako Kinyozi alizikwa mimi nikiwa nimelazwa, sijui niko wapi, nawagombeza wauguzi wanirudishie mkasi wangu. Sikumuona. Sasa naogopa kwamba kichwa hiki kitamzika mara ya pili, kipande kwa kipande, na safari hii nitakuwepo. Nataka nikuandikie ninayoyakumbuka juu yake, moja moja. Wewe ulikaa kwetu miaka ile kabla hujapata kazi, ulimjua. Nikikosea niambie. Ni hilo tu ninalokuomba.

Naanza na hili. Kabla hajanioa alikuwa akinyoa upande wa pili wa barabara. Akaniletea kile kitambaa cha kufunika wateja, cha buluu, kimechanika pindo. Nikashona. Wiki iliyofuata akakileta, kimechanika palepale. Nikashona. Akakileta tena. Mwisho nikamuuliza, "Kaka, hiki kitambaa chako kinaumwa nini?" Akasema, "Kinakupenda." Halafu akatazama sakafu, kama aliyesema ni mtu mwingine.

Ndivyo?

Dada yako.


2 Machi 2021

Dada yangu mpenzi,

Barua yako imekuja juu ya lori la mboga, imelala kati ya kabichi, ina unyevu kidogo lakini inasomeka. Huku tuko salama. Bwawa bado linajengwa, milima ya kokoto kila upande, na wanaume wengi sana wanaolalamika chumvi. Msimamizi anasema nimezidisha, mafundi wanasema nimepunguza, kwa hiyo nadhani nimepatia. Mke wangu anakusalimia, yuko kwao na watoto. Huku kambini mtandao wa simu unapatikana ukipanda juu ya tangi la maji, na kwa uzito huu ulionisema, tangi lenyewe halikubali.

Dada, ndivyo. Ni cha buluu na alisema hivyo hivyo. Nikuongezee usilolijua: alikuwa anakichana kwa meno. Aliniambia mwenyewe siku moja tukifagia nywele. Alisema mara ya kwanza kilichanika kweli, kilinasa kwenye msumari. Zilizofuata ni kazi ya meno yake.

Andika tena. Nikipata likizo nitakuja. Wanasema kambi haifunguliwi mpaka ugonjwa upungue, lakini nitakuja.

Mdogo wako.


3 Aprili 2021

Kijiti wangu,

Kwa meno. Nimecheka mpaka Mwalimu ametoka chumbani kuangalia nina nini. Nilimwonyesha, naye akacheka, halafu akakaa kimya akikunjakunja ncha ya karatasi. Unamjua, huyo akinyamaza anafanana na baba yake.

Salamu zake pokea. Watoto wake wa chekechea wamerudi darasani, wanavaa barakoa kidevuni. Duka nimelifungua. Nashona sare za shule kidogo kidogo. Pasi tumeiweka kando, ina kasoro, nangoja fundi. Cherehani iko sawa. Kiti cha kunyolea bado kipo upande wake wa duka, wateja wake wa zamani wanapita, wanakishika mgongo wanaenda.

Nikwambie mikono yake. Miezi ya baridi, kabla hajamgusa mteja kichwani, alikuwa anaificha mikono kwapani, anaipasha moto, huku anazungumza habari za mpira ili mtu asione anachofanya. Baba alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, ni yeye aliyekuwa akimnyoa, na alifanya hivyo hivyo. Baba akamwambia, "Mkwe, una mikono ya mwanamke." Kinyozi akajibu, "Ni ya binti yako, mzee, nimeazima."

Niambie kama ni kweli. Kuna siku naliona hili wazi kama dirisha, na kuna siku naona mikono tu, haina mwenyewe.

Dada yako.


10 Mei 2021

Dada,

Huku mvua imekata barabara, barua yako imechelewa kunifikia. Hatujambo. Mtungi mmoja wa gesi ulivuja jikoni lakini tuliwahi, usiwe na wasiwasi.

Ni kweli. Nilikuwepo nimeshika beseni. Baba alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni, akatukana kwa heshima.

Nilitaka kukwambia, mambo ya moto muachie Mwalimu. Pasi, jiko, hata mshumaa. Siyo kwamba nina sababu. Ni kwa kuwa hunusi. Mimi ni mpishi, najua pua inalinda nyumba kuliko macho.

Unalala? Unakula?

Mdogo wako.


14 Juni 2021

Mdogo wangu Kijiti,

Pokea salamu zangu na za Mwalimu, yeye ndiye aliyeninunulia karatasi. Mvua imechelewa. Jirani wa mbele amepata mjukuu.

Leo nina jambo ambalo sijakuandikia bado. Nikiwa nashona pale dukani kabla hatujaoana, Kinyozi aliniletea kitambaa chake cha kufunika wateja, kile cheupe, kimechanika pindo. Nikamshonea. Akakileta tena, na tena. Siku ya mwisho aliponipa, nilimshika mkono, na ndipo nilipoona kile kidole chake cha shahada kilichokatika nusu. Sikumuuliza kilikatwa na nini. Nilikishika tu.

Kijiti, uso wake sasa ni shida. Nafunga macho na naona kichwa, masikio, halafu katikati kama mtu amefuta ubao. Lakini kidole hicho ninacho. Kila ninapolala nakishika, kifupi, laini pale mwisho kilipopona. Nikikishika napata usingizi. Ndicho nilichobakiwa nacho ambacho sina shaka nacho.

Niambie ndivyo. Tafadhali niambie upesi.

Dada yako.


8 Julai 2021

Dada mpenzi,

Ndivyo. Ndivyo kabisa. Hata mimi nakikumbuka hicho kidole.

Huku jua ni kali. Tumepata friji mpya, kubwa kama chumba. Msimamizi amepunguza malalamiko, nadhani ulimi wake umekubali yaishe. Sina habari nyingine.

Lala vizuri.

Mdogo wako.


2 Agosti 2021

Kijiti,

Hatujambo.

Mwalimu amepata picha ya baba yake nyuma ya leseni ya duka, amesimama nyuma ya kiti, mikono yote miwili juu ya mgongo wa kiti, vidole vimetandazwa. Niliichukua kwa furaha. Nikahesabu vidole. Vyote vipo, Kijiti. Vizima, virefu, na kucha zake safi.

Nilikaa nayo mchana kutwa. Jioni ndipo jibu lilipokuja, na halikuja taratibu. Kidole kilichokatika ni cha baba. Baba yetu, fundi seremala, msumeno ulimkata tukiwa wadogo, na mimi ndiye niliyekuwa nikikishika tukienda sokoni. Nimekitoa kwenye mkono wa baba nikakishonea kwenye mkono wa mume wangu. Nimelala na kidole cha baba yangu nikimwita mume wangu.

Mimi ni mgonjwa. Wewe huumwi. Wewe ulijua.

Sasa nifanye nini na ndiyo zako? Kitambaa kilikuwa cha buluu au cheupe? Alisema kinakupenda, au nimejitungia? Ya meno ni yake, au ulinihurumia ukatunga? Na mikono kwapani? Nilikuwa na mtu mmoja wa kunishika mkono gizani, kumbe naye amefumba macho ili tufanane.

Mwalimu naye ni hivyo hivyo. Nikimuuliza kitu anasema, "Ndiyo, mama, kunywa chai." Chai haina harufu wala ladha. Nakunywa maji ya moto yenye rangi na kila mtu ananiambia ndiyo.

Kama utaniandikia ili kunibembeleza, usiniandikie. Niache nipotee peke yangu, angalau nitajua niko peke yangu.

Dada yako.


25 Septemba 2021

Dada,

Nilishaandika barua mbili kabla ya hii, zote nimewashia jiko. Hujambo? Mimi sijambo, mwili hauna neno. Mke wangu na watoto wazima.

Nimekosa. Nitakwambia yote sasa, na nitajaribu nisikupake mafuta.

Kidole ni cha baba. Nilijua nilipofika kwenye neno hilo. Nilikuwa nimesimama jikoni, nikakaa juu ya gunia la viazi. Na habari ya kitambaa ulikuwa umeshaniandikia mwezi wa pili. Wakati ule kilikuwa cha buluu, na ndicho sahihi. Nimekishika kwa mikono yangu, nimekianika. "Kinakupenda" ni maneno yake, ulinisimulia tangu siku zile, mimi nikiwa kijana nakula kwako bure. Meno ni kweli. Kwapani ni kweli. Nilichodanganya ni kidole peke yake, lakini najua kitambaa kikitoboka mahali pamoja hakivaliki tena bila kufikiria lile tundu.

Mwalimu aliniandikia tangu mwezi wa nne. Pasi haina kasoro. Uliiacha juu ya gauni la bibi harusi, moshi ukajaa duka, na wewe ulikuwa umekaa palepale unatia vifungo, husikii harufu yoyote, mpaka muuza viatu alipoingia akakubeba. Aliniandikia pia kwamba ulitoka kununua uzi ukakutwa kwenye ile nyumba tuliyozaliwa, unagombana na wapangaji wake. Sikukwambia kuwa najua. Wewe hukuniambia, nami nikaona tunaheshimiana. Haikuwa heshima. Ilikuwa woga wa pande mbili.

Kwa nini nilisema ndiyo? Wewe ndiye pekee unayeniita Kijiti. Baba hayupo, mama hayupo, huku mimi ni Mpishi, nyumbani ni Baba Fulani. Nilipoona baba na Kinyozi wamechanganyika kichwani mwako, nilijua kwenye foleni hiyo ya kusahauliwa mimi nipo nyuma yao. Nikasema ndiyo haraka ili nisione.

Sasa sikia mambo yake ambayo si ya kukubembeleza. Alikuwa anakoroma. Alikuwa anaiba karata na anakamatwa kila mara, halafu ananuna. Aliogopa sindano kuliko mtoto, na alioa mshonaji. Siku Mwalimu alipoanza shule alimsindikiza anajifanya amechoka kumbeba, na aliporudi alinyoa mteja upande mmoja akasahau wa pili, mpaka yule mtu akauliza kama ni mtindo. Alikuwa na pengo upande wa kushoto, juu. Sikio lake la kulia lilikuwa limelala kidogo kichwani, la kushoto limesimama. Anza hapo kutafuta uso, katikati ya masikio hayo.

Na kuna la mwisho, ambalo nimelificha tangu mwanzo. Siku waliyokulaza alinipigia simu. Nilikuwa juu ya tangi. Alikuwa anakohoa, maneno yanakuja mafupi mafupi. Aliniambia, "Shemeji, dada yako akiamka ataulizia duka. Mwambie nguo za watu nimezifunika. Mwambie nimefunga dirisha la upande wake, mvua isimharibie." Nikamwambia utamwambia mwenyewe. Akasema, "Bwana we, mwambie tu." Hakuongea nami tena.

Sikukwambia kwa sababu nilitaka upone kwanza. Nilidhani maneno kama hayo hayamiminwi kwenye chombo kinachovuja. Nisamehe neno hilo, ndivyo nilivyofikiri na umeniomba ukweli. Sasa naona nilikuwa ninakaa na mali yako nikingoja uwe tajiri wa kuipokea.

Nimeomba ruhusa. Wamesema barabara ikikauka na vipimo vyangu vikiwa safi. Sisemi nitakuja, nasema nimeomba.

Mdogo wako Kijiti.


Mwalimu anasema leo ni tarehe 18 Novemba 2021

Kijiti,

Salamu. Mwalimu yupo, amekaa karibu, tumekubaliana kwamba haruhusiwi kunisahihisha mpaka nimalize. Kwa hiyo maneno yakiwa yamepinda yaache yapinde.

Barua yako imefika. Mwalimu ananisomea kila asubuhi kwa sababu kila asubuhi ni mpya. Anasema nacheka mahali palepale, kwenye yule aliyenyolewa nusu, na nalia mahali palepale, kwenye dirisha. Nilimuuliza hachoki. Akasema watoto wake wa chekechea wanataka hadithi moja mwaka mzima, ameshazoea.

Alifunika nguo za watu. Mtu anakohoa, hana pumzi, anazunguka na mashuka anafunika sare za shule. Huyo ndiye. Huyo namjua hata bila uso. Masikio nimeyapata, la kulia limelala. Pengo bado.

Duka tumelirudisha kwa mwenyewe. Nilikuwepo. Cherehani imekwenda kwa binti wa jirani, nilimwambia asiikanyage kwa hasira. Nilitaka kulia lakini nilisahau kilichokuwa kinaniliza nikiwa katikati ya kukiandaa, na Kijiti, hilo ndilo lililonitisha zaidi. Huzuni ilikuwa mali yangu ya mwisho. Naona hata hiyo inatoka kwa mlango wa nyuma.

Daktari alinipima tena. Hakunipa nafuu ya maneno. Alisema tutaendelea. Kuna asubuhi ninakuwa mzima, nakata kitambaa cha kujifurahisha na mkasi unakwenda wenyewe. Halafu kunakuwa mchana ambao siujui. Nakaa ndani yake kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Nawasikia watu wanakuja, wanainama usoni, wanauliza kwa sauti kubwa, "Unanijua mimi nani?" kana kwamba niko kwenye mtihani na kiziwi juu yake.

Wewe ukija, kama wamekupa ruhusa, usiniulize hivyo. Ingia useme, "Dada, mimi ni Kijiti, mdogo wako, mpishi." Sema kabla hujaketi. Nikikuita baba, nikatalie. Nikikuita Kinyozi, nikatalie, hata nikilia. Nikikasirika nipishe nikasirike, halafu urudi useme tena.

Na siku nikiwa sikuitikii kabisa, chukua uliyo nayo uende nayo. Nimekupa nilichoweza. Yake unayo sasa kuliko mimi. Yangu hayajaandikwa mahali popote, nilijisahau mimi mwenyewe nikimkimbilia yeye. Kwa hiyo nakuomba, siyo nilivyo sasa. Nikiwa nimekaa mlangoni kwenye mwanga, futi ya kupimia shingoni, pini zimejaa mdomoni, mtu amesema upuuzi nami nacheka bila kufungua midomo.

Unikumbuke hivyo, mdogo wangu. Unikumbuke.

Dada yako